Baba Mkwe Kaja Kula Kuku

Leo nimeaibika, jamani. Tena mchana kweupe, tena katika mji wa watu, tena nimevaa gauni jipya. Ninavyowaandikia hivi nina supu ya nyanya kwenye nywele. Na kabla hamjaanza kunionea huruma: sijutii hata kidogo. Mwenye huruma aipeleke kwa zile sahani.

Manesi wenzangu, mnakumbuka nilivyotangaza wodini kwamba mimi na Gwamaka wangu tunakwenda Iringa kupumzika. Siku mbili, kula na kulala, basi. Na mnakumbuka mlivyoniuliza nyote kwa pamoja: "Nani kafa?" Hakuna aliyekufa! Kwani mtu haruhusiwi kupanda basi bila maiti? Jana alfajiri jirani yangu alikuja na unga wa rambirambi. Nikamweleza kwamba hakuna msiba, mimi na mume wangu tunakwenda tu kutembea. Akanishika mkono akasema, "Pole, utalia ukifika." (Unga niliupokea. Ningefanyaje?)

Basi lilitutikisa siku nzima, baridi ya Makambako ikatutoa machozi, jioni tukashuka Iringa. Hapohapo stendi tukaanza ugomvi wa kwanza. Gwamaka alitaka tulale hosteli ya misheni.

"Ni safi," akasema. "Halafu ni rahisi. Halafu wanapika maharage mazuri."

"Gwamaka, maharage nimeyaacha Mbeya."

"Basi gesti, pale karibu na soko."

Tukaenda kuiona hiyo gesti. Kitanda kimoja chembamba, ukuta wa mbao, na chumba cha pili watu wanagombania santuri ipi ipigwe. Mwenye gesti, mama mmoja wa Kihehe mwenye kifua cha kutosha, akatuuliza tumekuja Iringa kwa kazi gani. Nikamwambia tumekuja kupumzika. Akanitazama kuanzia viatu mpaka kilemba.

"Kupumzika? Kwani huko kwenu hakuna vitanda?"

Nikamwambia Gwamaka twende hotelini, na neno langu ni hilo moja. Nilitaka hoteli yenye beseni la kuogea, taa ya kando ya kitanda, na chumba cha kulia chenye vitambaa vyeupe vya meza. Miaka miwili ya ndoa sijawahi kula chakula ambacho sikukipika mwenyewe au kukikoroga msibani. Gwamaka akanuna njia nzima. Akanuna mapokezi. Akanuna mpaka alipoingia kwenye lile beseni la maji ya moto. Hapo nikamsikia anaimba pambio.

Sasa tuje leo mchana.

Tulishuka chumba cha kulia kama watu. Nimevaa gauni langu la maua, nina pochi yangu nyekundu, nanukia. Mhudumu wetu, bwana mmoja wa makamo anayeitwa Kalinga, akatuwekea supu ya nyanya, kisha kuku wa kuoka na viazi. Kitambaa cha meza kilikuwa kinafika karibu na sakafu. Nikashika uma mkono wa kushoto na kisu mkono wa kulia, kama masista walivyotufundisha chuoni. Kuku akaniteleza mara mbili. Mara ya tatu nikaweka vyombo chini nikamshika paja kwa mkono. (Masista hawapo Iringa.)

Nikainua macho. Mlangoni kasimama baba mkwe wangu.

Pendo, wewe ni wa Moshi, nikueleze ili usibaki nyuma. Kwetu Unyakyusani mkamwana na baba mkwe wake hawaonani. Sikusema hawapendani, nimesema hawaonani. Nikimwona njiani naiacha njia, naingia migombani, najifunika kichwa mpaka apite. Chumba alimo siingii. Jina lake silitaji, na ndilo jina la ukoo la mume wangu, kwa hiyo jana mapokezi Gwamaka alilitaja, mimi nikatazama dari. Naye vilevile ananikwepa. Ni heshima ya pande mbili. Kwa miaka yote miwili ninachokijua kwake ni kofia, mwavuli na mgongo. Na kula mbele yake? Hilo hata kwenye hadithi za bibi sijalisikia.

Wengine mnajua pia kwamba mimi siruhusiwi kuongeza kosa lingine. Mwezi uliopita nilishuka basi Tukuyu nikampita baba mkwe kituoni bila kujifunika, kwa sababu sikumwona. Mama mkwe aliona. Akapeleka shauri kwenye ukoo: huyu nesi kaharibiwa na mji, hana adabu, aache kazi arudi nyumbani akae jikoni kwangu nimfunde upya. Wazee wakasema nipewe nafasi moja. Moja! Nikikosea tena, navua sare nakwenda kupalilia migomba ya watu. Ndiyo maana mlinikuta nalia stoo, wala hayakuwa mafua kama nilivyosema.

Sasa fikirieni wenyewe. Mlango ni mmoja na yeye ndiye kausimamia. Madirisha yana nondo. Mimi nina paja la kuku mdomoni.

"Gwamaka," nikanong'ona, "baba yako."

"Baba yangu yuko nyumbani Rungwe."

"Geuka."

Hakugeuka. Alikuwa anamimina chumvi. Mimi nikaingia chini ya meza. (Ndiyo, mimi, ninayewashika madereva wa malori wakizimia kwa kuona sindano.)

Nikasikia viatu vinakuja. Vikasimama.

"Gwamaka! Nani kafa?"

"Shikamoo, Tata. Hakuna aliyekufa."

"Marahaba. Sasa unafanya nini Iringa?"

"Nime... Na wewe je, Tata?"

Mzee akakohoa. Akasema amekuja mkutano wa wazee wa kanisa, amelala hosteli ya misheni na wenzake, na hapa amepita mara moja tu, kunyoosha miguu. Kunyoosha miguu! Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia Kalinga, "Kuku, ndugu yangu, na usichelewe. Kule ni maharage asubuhi na jioni." Mnaona? Ningekubali ile hosteli tungekutana foleni ya bafu, mimi na taulo. Mpaka sasa Gwamaka hajaniomba radhi kwa hilo.

Hapo lilihitajika neno moja tu. Gwamaka angesema, "Tata, niko na mkamwana wako," mzee angegeuka palepale aondoke, nami ningetoka salama na kuku wangu. Kila mtoto wa Kinyakyusa anajua hivyo. Lakini mume wangu anafikiri polepole, na kabla hajamaliza kufikiri, baba yake alikwisha vuta kiti changu akakaa. Kiatu chake kikatua juu ya pindo la gauni langu. Sasa lile neno halikufaa tena. Kumwambia mzee kwamba mkamwana wake yuko chini, miguuni pake, amekunjwa, ni kumuua.

"Hii sahani ya nani?" akauliza mzee.

"Ya rafiki."

"Na hii pochi nyekundu?"

"Ya... ya rafiki huyohuyo. Wa ofisini, Tata."

"Rafiki yako wa ofisini anabeba pochi nyekundu."

"Ndiyo, Tata."

"Yuko wapi?"

"Ametoka kidogo."

Msishangae kwamba hakuijua pochi yangu. Angeijuaje mtu ambaye hajawahi kunitazama? Ila alijua kwamba ofisi ya Gwamaka ni ya misitu, na karani wa misitu habebi pochi nyekundu, na hakuna karani wa misitu anayepaka rangi ya mdomo kwenye bilauri. Nikasikia anaiinua ile bilauri. Nikasikia anairudisha mezani. Kisha akaanza, na sauti yake ni ya mtu aliyezoea kusoma matangazo kanisani.

"Gwe, wewe! Una mke nyumbani! Mke wa pete, wa kanisani! Mama yako alipolazwa, nani alikesha naye? Nani alimwogesha, akamlisha uji kijiko kwa kijiko, na asubuhi akaenda zamu yake bila kulala? Mimi nilikuwa nje ya dirisha, nilisikia yote. Leo mama yako amepona, anasema yule binti hana adabu. Mimi nimenyamaza kwa ajili ya amani ya nyumba. Lakini mkamwana kama yule sikubali kumbadilisha hata kwa zizi zima la ng'ombe! Na wewe unamwacha Mbeya, unakuja huku kuwalisha malaya kuku!"

Wenzangu, sijui niwaelezeje. Miaka miwili nasubiri neno jema moja kutoka nyumba ile, na nimelipata nikiwa chini ya meza, pamoja na kuitwa malaya. Machozi yalinitoka. Na hasira ikanipanda. Nikamfinya Gwamaka kigimbi cha mguu kwa kucha zote.

"Aai!"

"Ndiyo, lia!" akasema baba yake. "Lia, una haki ya kulia! Lakini mimi sitoki hapa. Namngoja huyo mwanamke arudi nimwone uso wake. Halafu nakwenda kuwaambia wazee wenzangu, na nikifika nyumbani naita ukoo."

Gwamaka akasema, "Tata, si hivyo..."

"Ni vipi?"

Nilimngoja Gwamaka ajibu. Nikahesabu pumzi zangu kama tunavyowahesabia wagonjwa. Wala! Mwanamume yule alikuwa anatafuna kiazi.

Nikaona mambo yamenifika. Nikibaki chini, ukoo unaitwa, na ndoa yangu inavunjwa kwa sababu ya mwanamke ambaye ni mimi mwenyewe. Nikitoka, baba mkwe ananiona kidevu kimejaa mafuta ya kuku, na kazi yangu kwaheri. Nikaamua kutoka, lakini nitoke kwa heshima. Nikachomoa pindo la gauni kwa nguvu (limechanika, msiniulize), nikashika kitambaa cha meza kwa mikono miwili, nikavuta.

Kila kitu kilikuja. Sahani, bilauri, viazi, chumvi, bakuli la supu. Supu ndiyo iliyonipata kichwani. Nikajigubika kile kitambaa kuanzia utosini mpaka magotini, nikasimama wima.

Mwanamke mmoja akapiga yowe, "Mzimu!" Watu wa meza ya pembeni wakainuka na sahani zao mikononi. Lakini mzee yeye hakudhani mzimu. Mtu wa Rungwe akiona mwanamke kajifunika namna ile mbele yake, anajua mara moja ni nani.

"Mkamwana!" akasema.

Akabandika kofia usoni akakimbilia mlangoni. Nami nikakimbilia mlangoni. Nimewaambia mlango ulikuwa mmoja. Yeye haoni kwa sababu amejifunika uso, mimi sioni kwa sababu nimejifunika mwili mzima. Tukagongana kichwa kwa kichwa, tukaanguka wote wawili, na mwavuli wake ukafunguka.

Chumba kizima kikacheka. Yule bwana wa Mbalizi mwenye duka la vipuri, mnayemjua, alikuwa meza ya dirishani. Alicheka mpaka akaomba maji. Mimi nimelala sakafuni ndani ya kitambaa, nanuka nyanya, namwambia Mungu moyoni: kama ni kupalilia, nipe jembe jepesi.

Kalinga akaja mbio, na salamu yake ya Kihehe mdomoni. "Kamwene jamani, poleni! Mmeumia?"

Nikasikia mzee anajizoazoa, anageukia ukuta, anakohoa.

"Ndugu mhudumu," akasema, "mwambie huyo aliye nyuma yangu kwamba mimi sikumwona."

Kalinga akanigeukia. Nilikuwa hatua moja tu kutoka hapo. "Mama, mzee anasema hakukuona."

"Mwambie nami sikumwona."

"Mzee, mama anasema hata yeye hakukuona."

"Nimesikia," akasema mzee. Akashtuka. "Yaani sikusikia. Endelea kunieleza."

Watu wakaacha kucheka, wakavuta viti karibu. Mzee akashusha sauti, na sasa haikuwa sauti ya kusoma matangazo tena. "Mwulize... hapa mlangoni, je, nilimgusa?"

Jamani, nilijua swali hilo ndilo lenye sare yangu ndani yake. Nikisema ndiyo, nimekwisha. Nikisema hapana, ni uongo, na yeye ana nundu kwenye paji la uso. Nikafikiri upesi, maana katika ndoa yetu mtu wa kufikiri upesi ni mmoja.

"Mwambie mzee kitambaa kilikuwa katikati."

Kalinga akalifikisha. Mzee akaguna kidogo. Ni mtu aliyeamua mashauri mengi ya mipaka ya mashamba, huwa halikimbilii jambo. Mwishowe akasema, "Kweli. Kitambaa kilikuwa katikati. Mimi niligongana na kitambaa cha hoteli. Hilo si kosa la mtu."

Hapo nilipaswa kushukuru na kunyamaza. Sikunyamaza. Nimenyamaza miaka miwili!

"Mwambie pia kwamba yale maneno aliyoyasema mezani niliyasikia yote. La malaya namsamehe. Yale mengine nimeyachukua, na siyarudishi."

Kalinga akayarudia yote. (La malaya aliliruka. Ana adabu zake.) Nikachungulia penye pindo la kitambaa kwa jicho moja, nikaona mgongo wa mzee unatikisika. Nikadhani nimemliza. Kumbe anacheka, mkono kaweka ukutani.

"Mwambie hayarudi," akasema. "Mwambie nikifika nyumbani nitamweleza mama mkwe wake hivi: tumeona wanawake wakijifunika kanga, tumeona wakijifunika shuka, lakini heshima ya kujifunika meza nzima na chakula chake tumeiletewa na huyu nesi. Atakayesema tena hana adabu aje aniambie mimi. Kazi yake aendelee nayo. Shauri limekwisha."

Kalinga akavuta pumzi anifikishie.

"Mwambie nimesikia," nikasema kabla hajaanza.

"Na jambo la mwisho," akasema mzee. "Mwambie mimi leo sikuwepo hapa. Nilikuwa hosteli na wenzangu, nakula maharage."

Kalinga akamletea kuku wake kafungwa kwenye gazeti. Mzee akatoka ubavu ubavu kwa kufuata ukuta, mwavuli kaushika wazi upande wangu, na kuku kwapani.

Gwamaka wakati wote huo alikuwa bado amekaa pale pale, uma mkononi, mbele ya meza tupu. "Nilikuwa karibu kusema," akaniambia. Nikamtazama. Akaenda kunichukulia taulo.

Mnadhani nilikimbilia chumbani? Nilimrudishia Kalinga kitambaa chake, nikakaa, nikaagiza kuku mwingine. Nikamla palepale, kwa mkono, huku watu wote wananitazama. Yule mama aliyeona mzimu alikuja kunisalimu na kuniuliza kama mwanawe ninaweza kumtafutia nafasi ya unesi. Kwa hiyo msinipangie habari za kwenda kulala wapi na kula wapi. Atakayeuliza nitamwambia: hotelini, vitambaa vyao ni virefu.

Barua hii nampa dereva wa basi la jioni, maana yule bwana wa Mbalizi naye anarudi leo, na sitaki msikie kwake kwanza. Ataongeza chumvi. Atasema nilikuwa uchi. Sikuwa uchi hata kidogo, nilikuwa na nguo moja zaidi ya kila mtu mle ndani.

Basi chekeni, chekeni mpaka mridhike. Ila mjue Jumatatu niko kazini na sare yangu, na zamu za usiku nazipanga mimi.